Jinamizi Halimkabi Aliyekaa

Nilipokuwa bado wa umri wa kutumwa chumvi dukani, nililelewa na bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanahawa, katika chumba kimoja cha nyumba ya Kiswahili, Kariakoo, mitaa michache kutoka sokoni. Mama yangu alikuwa ameolewa tena Mkuranga, nami nikabaki kwa Bibi, na sikuwahi kujiona nimeachwa. Nyumba ilikuwa na ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma ambako wapangaji wote tulipikia na kufulia. Bibi alikuwa na meza ya viungo pembeni mwa soko, iliki na mdalasini na pilipili manga, na nguo zake zote zilinukia pilau hata siku ambazo tulishindia uji.

Kwetu jinamizi lilikuwa jambo la kawaida kama mbu. Tuliambiwa ni kitu kinachomjia mtu aliyelala, kikamkalia kifuani mpaka pumzi na sauti vikakatika. Usilale chali. Weka kisu chini ya mto. Soma Ayatul Kursiy. Na kama lina tabia ya kukuandama, lala umekaa, kwa sababu jinamizi halimkabi aliyekaa. Hiyo ilikuwa sheria ya Bibi, na alivyoisema ungedhani aliitunga yeye na jinamizi lenyewe likakubali.

Sisemi mambo hayo hayapo. Majini yametajwa katika Qur'ani na mimi ni Mwislamu, siwezi kuyakana. Ninachoeleza hapa ni kitu kingine.

Jambo lilianza kwa Bibi kusalimia watu. Ieleweke kuwa bibi yangu hakuwa mtu wa salamu ndefu. Akitoka nyumbani kwenda kwenye meza yake alitembea kama anayewahi kufunga mlango, mimi nakimbia nyuma na kapu. Sasa ghafla akawa anasimama. Kwenye kona ya kwanza anasimama kwa fundi cherehani, anauliza habari za watoto. Mbele kidogo anasimama kwa muuza vitenge, anauliza habari za mkewe. Watu wakafurahi.

"Bi Mwanahawa, siku hizi umekuwa mtu wa watu!" yule muuza vitenge akamtania. "Au unagombea udiwani?"

"Nagombea nini, mwanangu. Nakutazama tu ulivyokonda. Mkeo hapiki?"

Wakacheka wote. Lakini mimi niliyesimama pale na kapu niliona kuwa Bibi akiuliza habari hangojei jibu. Anaangalia chini, mkono umeshika ukuta, mdomo uko wazi kidogo. Akishapata pumzi anasema "Haya, Mungu awe nanyi," tunaenda mpaka kona nyingine. Nilidhani uzee unampa upole. Mtaani kwetu walisema hivyohivyo, kwamba mama huyu sasa anajiandaa kwa Mola wake, amekuwa mnyenyekevu.

Kisha jinamizi likaanza kumjia. Alikuwa akilala na mto mmoja. Akaongeza wa pili, akachukua na wa kwangu, mwisho akawa analala ameegemea ukuta na furushi la nguo mgongoni. Akiteleza tu chini, anakurupuka akikohoa, anatafuta hewa, anakwenda dirishani. Kisu kilikuwepo chini ya mto na dua tulizisoma. Asubuhi anasema, "Jana limenijia tena," kama mtu anayesema jana kulinyesha. Akikaa linamwacha. Kwa hiyo sheria yake ilikuwa inafanya kazi, na sheria inayofanya kazi nani ataihoji?

Mwisho ikafuata miguu. Jioni akivua ndala, kamba zake zilibaki zimechoreka kwenye nyama kama mfereji. Hapo ndipo yakaingia maneno ya kukanyaga, yaani kupita juu ya uchawi uliotegwa chini.

Chumba kilichotazamana na chetu kilikaliwa na Mama Sabina, mwanamke wa Newala, Mkristo, muuza mihogo ya kuchemsha na korosho kwenye vibaraza vya Mtaa wa Msimbazi. Mtu wa kimya. Watu wa kusini siku hizo walisemwa mengi kwa mambo ya uchawi, na mtu wa kimya husemwa zaidi, maana hakuna anayejua anachokiwaza. Siku moja alikuwa ameosha mihogo, akamwaga maji karibu na kizingiti cha kutokea uani, na Bibi akapita palepale peku. Wiki hiyohiyo miguu ikavimba, au ndiyo wiki tulipoiona. Mjomba wangu Saidi, mtoto wa kiume wa Bibi aliyekuwa akikaa Buguruni na kuuza mabegi ya shule, alipokuja kututazama na kusikia habari ya yale maji, hakuuliza zaidi.

"Mama, umekanyagishwa."

Akampeleka kwa mganga wa Ilala, mzee mpole mwenye kofia safi na sauti ya chini. Nilikwenda nao. Aliitazama miguu, akasikiliza habari za usiku, akasema kilichoko miguuni na kinachokaba kifuani ni kitu kimoja, kimeingilia chini kikapanda juu. Nikikumbuka leo nashangaa, kwa sababu katika hilo hakukosea. Miguu na kifua ulikuwa ugonjwa mmoja. Alikosea jina lake, na alikosea dawa.

"Kitu cha namna hii hakiwezi chumvi," alisema. Bibi anywe glasi ya maji ya chumvi ya mawe asubuhi na jioni, na chumvi nyingine inyunyizwe kizingitini.

Chumvi niliinunua mimi, nikaiponda kwenye kinu na kuikoroga mpaka maji yakawa na ukungu. Bibi alikunja uso, akasema Bismillahi, akanywa yote. Alikuwa mgonjwa mtiifu kuliko wote niliowahi kuwaona.

Miguu ikazidi. Uvimbe ukavuka vifundo, ukapanda kwenye muundi, ngozi ikawa inang'aa kama imepakwa mafuta. Kwenda chooni tu, hapo uani, akirudi anapumua kama amebeba gunia. Mjomba akaja, akatazama, akasema, "Kinapigana hicho. Kimeona kinatolewa." Akaniambia nizidishe chumvi.

Asubuhi moja Bibi alikuwa amekaa kwenye kibao uani, miguu ameinyoosha juani. Mjomba yuko pembeni anakunywa chai. Mama Sabina akatoka na sufuria yake ya mihogo, akasimama, akaiweka chini. Akachuchumaa mbele ya Bibi.

"Shikamoo, Bibi. Naomba nikuone miguu."

Kabla hajaitikiwa, alikuwa ameshabonyeza muundi kwa kidole gumba. Akahesabu kimoyomoyo, akaachia. Pakabaki shimo. Nililiona kwa macho yangu, shimo kama la kidole kwenye unga uliokandwa, na halikujaa upesi.

Mjomba aliweka kikombe chini. "Toa mkono wako, wewe mama."

"Kaka, mama yangu alikuwa hivihivi. Miguu hivi, na usiku halali, anakaa. Tulizunguka kwa waganga mpaka tukamzika. Baadaye ndugu yetu mmoja anayefanya kazi hospitali akatuambia ni moyo. Mpelekeni."

"Kwa hiyo hata mama yako ulimmaliza hivihivi?"

Aliyekuwa anafua aliacha kufua. Mama Sabina aliinuka polepole, akajitwisha sufuria yake, akatoka kwenda kuuza mihogo. Bibi alisema tu, "Saidi, ulimi huo," na hakusema zaidi, kwa kuwa naye aliogopa. Usiku huo alinyunyiza chumvi kizingitini kwa mkono wake mwenyewe.

Basi ujue tulikuwa tumeshaambiwa, kwa lugha nyepesi, na mtu aliyeyaona kwa mama yake mzazi. Tulichokosa si habari. Tusingeweza kuipokea kutoka mkono ule.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, adhana ya adhuhuri imekwisha kitambo. Bibi amekalia mbuzi anakuna nazi, kazi ambayo siku hizo alinikatalia nisimsaidie ili asionekane hawezi. Mjomba yuko Buguruni. Nilisikia mkwaruzo wa mbuzi umekatika. Nikageuka. Nusu ya nazi ilikuwa imeanguka, na Bibi ameshika magoti kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka. Midomo imekuwa rangi ya majivu. Jasho linamtoka usoni, na nilipomshika lilikuwa jasho la baridi, baridi kabisa, Kariakoo, saa saba mchana. Kifuani mwake kulikuwa na sauti ya kububujika kama chungu kinachoanza kuchemka.

Aliniangalia, kisha akajiangalia alivyokaa. Nadhani hapo ndipo alipoelewa.

"Nimekaa," alisema. Akavuta pumzi. "Jinamizi... halimkabi aliyekaa." Akavuta tena. "Hili si jinamizi. Mwite Sabina."

"Bibi, Mama Sabina?"

"Mwite!"

Alikuwa chumbani mwake, anachambua korosho. Alikuja mpaka mlango wa uani, akaona, akasimama. Hakukanyaga kizingiti. Sikuelewa kwa nini mpaka aliposema, tena aliniambia mimi, mtoto, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumwambia:

"Mwanangu, nikimshika akanifia mkononi, mtaa huu watasemaje? Watanichoma."

Bibi alimsikia. "Basi nife mkononi mwako," alisema, neno mojamoja. "Lakini nife... nikielekea hospitali."

Mama Sabina akavuka kizingiti. Wapangaji wengine nao walishatoka, kila mtu ana lake. Mmoja anasema mlazeni, mwingine anasema mpeni maji, wa tatu anatafuta ubani. Walikuwa wameshamshika mabega wamlaze kwenye mkeka, na Bibi anapigana nao.

"Asilazwe!" Mama Sabina alipiga kelele, na sijawahi kumsikia akipiga kelele kabla wala baada. "Mkimlaza mnamuua! Akae! Wewe, toka ukaite bajaji!"

Bajaji zilikuwa bado chache mjini siku hizo, lakini tulipata. Mama Sabina alikaa nyuma, amempakata Bibi kwa mgongo ili akae wima, mimi nimebanwa pembeni. Kutoka Kariakoo mpaka hospitali kubwa ya Upanga si mbali, ila kwenye foleni ya Jangwani niliona ni safari ya kwenda Makka. Dereva alikuwa kijana, akawa anapiga honi na kuwatukana wenye magari, na Bibi, katika hali ile, akamwambia, "Usitukane, mwanangu. Nenda tu."

Walimwekea hewa puani na sindano mkononi. Sindano ile ilimkojoza sana, na kila alivyokojoa ndivyo alivyopumua. Kwangu ulikuwa muujiza, kuona mtu anakojoa kilichokuwa kinamkaba. Jioni daktari, mwanamke kijana mwenye ushungi, alikaa kitandani kwake. Mjomba Saidi alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni amekunja mikono.

"Bibi, moyo wako ni pampu," daktari alisema. "Umesukuma damu yenye presha miaka mingi, hujui, hakuna aliyekupima. Sasa umechoka. Ukishindwa kusukuma, maji yanabaki nyuma. Mchana ukisimama yanashuka miguuni. Usiku ukilala yanakaa mapafuni."

"Ndilo jinamizi langu hilo?"

"Ndilo linalokukaba. Nyumbani unatumia chumvi?"

Nikasema mimi: glasi asubuhi, glasi jioni. Daktari akamtazama Mjomba, akanitazama mimi, akafumba macho kidogo. Hakugomba. Alisema chumvi inashika maji mwilini, na kwamba mtu wa moyo huu chumvi kwake ni mzigo juu ya mzigo. Kisha akauliza ilianza lini. Bibi akataja usiku wa kwanza wa jinamizi. Daktari akauliza, kabla ya hapo, kutembea je? Hapo nikakumbuka kona, na fundi cherehani, na muuza vitenge. Nikamweleza.

"Hapo ndipo mngekuja," alisema. "Alipoanza kusimama njiani."

Bibi alifikiri juu ya mambo hayo kwa muda wote aliolazwa. Siku ya kutoka alitutangazia uamuzi wake. "Mganga alisema jini langu halitaki chumvi. Kumbe daktari kalijua zaidi: linaipenda. Basi tutalinyima, life njaa." Mjomba alitaka kumrekebisha, nesi akamkonyeza amwache. Na kweli, tangu siku ile bibi yangu hakugusa chumvi. Vidonge vya presha na vya kukojoza alivimeza kila asubuhi, na akivuta pumzi vibaya hata kidogo anasema, "Twendeni tukanipime." Jina aliloupa ugonjwa halikuwa la daktari, ila utii wake ulikuwa kamili.

Lilibaki la Mama Sabina. Mjomba ndiye aliyeanza. "Mama, sasa tukamwambie nini yule mama?"

"Wewe utamwomba radhi kwa mdomo wako. Mimi nitakula chakula chake."

Asiyejua mambo yetu anaweza kuona ni kitu kidogo. Lakini mtu ukishamshuku kwa uchawi, huli cha mkononi mwake, hata maji humpokei. Ndiyo hukumu yenyewe, haitangazwi, inaonekana kwenye sahani. Bibi akamwomba Mama Sabina ampikie, kwa kuwa mimi nilikuwa bado sijui kupika bila chumvi kitu kikalika. Akapika kisamvu kwa nazi na ndimu. Bibi hakula chumbani. Alitandika mkeka ukumbini, mlango wa mbele ukiwa wazi, ili anayepita mtaani aone. Mjomba alikaa naye, na kabla hajanawa alisema alichotakiwa kusema, huku ameinamia sahani.

"Mama Sabina," Bibi akasema, akiwa na tonge mdomoni, "kisamvu chako kibaya."

"Hakina chumvi, Bibi."

"Najua. Niongeze."

Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, moyo umekwisha kupanuka lakini unatunzwa. Akafa siku yake ilipofika, amekwishaona nikiolewa. Inna lillahi.

Leo nami ni mama mtu mzima, nauza nguo za watoto ghorofa ya tatu katika jengo moja palepale Kariakoo. Elimu yangu ni ya darasa la saba, sijui kueleza moyo kama daktari. Lakini nimejua kwamba mtu anayezoea kupumzika njiani pasipokuwa na mlima, anayeongeza mito, ambaye viatu vyake vimeanza kumbana jioni, huyo apimwe, asingoje. Na kifua kikibana ghafla kama kimefungwa kamba, maumivu yakatambaa begani, mkononi au kwenye taya, jasho likawa la baridi, au pumzi ikakatika mtu amekaa, hapo hakuna kesho, hakuna kwanza tumwite fulani. Kisomo anaweza kusomewa njiani. Mimi mwenyewe, na ninayajua yote haya, mwaka jana nilianza kupumzika kwenye ngazi, nikajiambia ni unene. Nilijidanganya kwa miezi. Mungu anisamehe, kujua ni kitu kimoja na kwenda ni kingine. Nilikwenda, nikakutwa na presha, sasa chumvi nawaachia wengine.

Nikipima mambo yale, nasema hivi: jinamizi halikutuchelewesha. Sheria ya Bibi ya jinamizi ndiyo iliyomfikisha hospitali, maana alijua hasa linakofika na lisikofika. Kilichotuchelewesha ni kutafuta mtu wa kumlaumu. Tulipokwisha kumpata tukaridhika, na ugonjwa ukaendelea na kazi yake.

Mama Sabina alikaa nasi mpaka alipohamia Mbagala kwa mwanawe. Alikuwa akiingia chumbani kwa Bibi karibu kila siku, kumtazama miguu, kumbonyeza kwa kidole. Na kila siku, kabla hajavuka mlango, alisimama kwanza akatuonyesha viganja vyake viwili, vitupu. Bibi alimwambia, "Acha hayo, mwanangu, pita." Alicheka, akapita. Kesho yake alisimama tena, akavionyesha tena.